Chupa ya "UTI Sugu" na Sahani ya Maabara

Pita Mwanjelwa asubuhi, hukosi spika juu ya meza inayorudia maneno yale yale: UTI sugu, gono sugu, fangasi sugu, chupa moja tu. Dawa yenyewe ni maji ya kahawia ndani ya chupa zilizokwisha kutumika. Mimi ni mtu wa maabara hapa hapa Mbeya, na baadhi ya wanywaji huishia dirishani kwetu na kopo la mkojo mkononi. Wananiita daktari, nimeshachoka kukataa. Haya ndiyo maneno ninayoyasikia kwao, na majibu yangu.

"Mwili wangu umezoea dawa, ndiyo maana zimegoma."

Mwili hauzoei. Anayekuwa sugu ni bakteria, na ndiyo maana mtu ambaye hajawahi kumeza amoksilini maishani anaweza kuambukizwa bakteria sugu leo hii. Tena kuumwa mara tatu si ushahidi wa usugu. Usugu huonekana kwa kuotesha: mkojo unapakwa kwenye sahani, wadudu wanaota usiku kucha, kisha wanazungushiwa vikaratasi vyenye dawa mbalimbali tuone ipi inawazuia. Majibu ni siku mbili au tatu. Kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo hakiwezi kukuambia hilo, wala zile "chembechembe" za usaha zinazoonekana kwenye hadubini. Ninapomuuliza mwenye UTI sugu alioteshwa wapi, mara nyingi ananitazama tu.

"Watafiti wameshathibitisha mti huu unaua bakteria sugu."

Hapa pana ukweli nusu, na nusu ndiyo inayouza. Miti mingi kweli huzuia bakteria kwenye sahani. Muhimbili walianza kuchunguza tiba asili tangu 1974, na kazi za namna hiyo zimejaa duniani. Lakini angalia kilichopimwa. Mara nyingi majani husagwa, yakalowekwa kwenye methanoli au ethanoli, yakachujwa na kukaushwa hadi kubaki unga. Bibi wa Tukuyu anachemsha kwa maji. Maji hutoa vitu vingine kabisa, na moto huharibu baadhi yake. (Usijaribu methanoli nyumbani, inapofusha na inaua.) Mwanasayansi wa China Tu Youyou alikumbana na hilo kwenye pakanga: kiini cha dawa ya malaria kilikuwa kikiharibika kwa joto, hadi alipotumia etha kwenye joto la chini. Kazi hiyo ilimpa tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Halafu kuna kipimo. Tuseme unga wa mti fulani unazuia bakteria kwa miligramu 5 kwenye kila mililita. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Piga hesabu: gramu 25 za unga, zote ndani ya damu kwa wakati mmoja, baada ya kupita tumboni na kwenye ini. Antibiotiki nzuri hufanya kazi hiyo kwa maikrogramu chache tu kwa mililita. Siki nayo inaua bakteria kwenye sahani, na jiki inaua zaidi, ila sijaona mtu akinywa jiki kutibu UTI.

Majani ya chai ya Mufindi na Rungwe yana kemikali ziitwazo katekini, ambazo maabara zimeonyesha kwamba humdhoofisha MRSA, bakteria wa vidonda aliye sugu, hadi dawa za jamii ya penisilini zikamuuma tena. Ni habari tamu kweli. Tatizo ni kwamba utumbo hunyonya kiasi kidogo mno cha katekini. Ingekuwa kunywa tu kunatosha, Mufindi yote isingekuwa na kidonda kinachooza.

"Mitishamba haizoeleki na bakteria."

Mimea ya jamii ya Berberis, ambayo ndugu yao mmoja huota kwenye milima ya Afrika Mashariki, ina rangi ya njano iitwayo berberini. Bakteria wa majipu na vidonda, Staphylococcus aureus, huitapika nje kwa pampu iitwayo NorA, pampu ile ile inayotapika antibiotiki ya siprofloksasini. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mimea ya jamii hiyo hutengeneza pia kitu cha kuziba pampu, berberini ikabaki ndani na kuuma. Mimi hapo ndipo ninapoipendea miti: huenda ikawa msaidizi wa dawa tulizonazo kuliko mbadala wake. Ila dawa ya kuziba pampu hizo bado haijafika kwenye kabati la famasi, sembuse kwenye chupa ya Mwanjelwa.

"Imepimwa na Mkemia Mkuu."

Kupimwa kama ina sumu ni jambo moja, kuthibitishwa kwamba inatibu ni jingine. Muulize muuzaji ni kipi kati ya hivyo, na kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

"Nikienda hospitali nisiseme nimekunywa mitishamba."

Sema, na ukiweza njoo na chupa yenyewe. Hatutakucheka. Baadhi ya miti huvuruga dawa za hospitali, na wauzaji wengine huchanganya antibiotiki za dukani humo humo. Ukishameza, wadudu wanaweza kukataa kuota kwenye sahani, nasi tukaandika "hakuna kilichoota" wakati bado wamo. Kopo la mkojo litangulie kidonge na chupa pia. Ila homa ikipanda na ubavu ukauma, huenda imeshagusa figo: nenda hospitali siku hiyo hiyo.