"Mpaka Ocean Road?" na mengine yasemwayo kuhusu kupima saratani ya mlango wa kizazi

"Kupima mpaka uende Ocean Road." Ocean Road, Dar es Salaam, ni taasisi ya saratani, na mgonjwa anayehitaji mionzi huelekezwa huko. Kuchunguza dalili za awali ni kazi nyingine, na hufanyika hata kwenye kituo cha afya, kwa mkono wa muuguzi au mkunga aliyefundishwa. Anapaka asidi ya siki, asilimia 3 hadi 5, kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja hivi, kisha anaangalia kwa macho. Palipobadilika pataonekana peupe. Hukatwi, hudungwi, na majibu unayapata hapohapo. Mabaka yakikutwa, mengi huweza kuunguzwa kwa joto au kugandishwa siku hiyohiyo. Ila uliza kwanza siku za huduma, na uulize kama gesi ipo: mashine ya kugandisha bila gesi ni pambo tu.

"Siumwi, nikapime nini?" Kwa mwenye kinga nzuri, seli huchukua miaka 15 hadi 20 kugeuka saratani, na muda mwingi huo husikii chochote. Ukishatokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, usingoje kampeni, nenda hospitali.

"Ugonjwa wa wahuni huo." Kauli hii ndiyo inayonikera kuliko zote, maana inamfanya mtu aogope kuonekana kwenye foleni. Kirusi cha HPV, ndicho kinacholeta saratani hii, huwapata karibu watu wote walioanza kujamiiana, na mke asiyemjua mwanamume mwingine ila mumewe anaweza kukipata ndani ya ndoa. Wengi hukiondoa wenyewe bila kujua.

"Nina VVU, inanitosha." Hapana, dada. Hatari yako ni takribani mara sita ya asiye na VVU, kwa hiyo WHO, Shirika la Afya Duniani, inashauri uanze ukiwa na miaka 25, si 30 kama wengine. Waulize hapohapo CTC, kliniki unakochukulia dawa za VVU.

"Binti kachanjwa." Vizuri, lakini chanjo hulenga hasa aina 16 na 18 za HPV, na hizo husababisha takribani asilimia 70 ya saratani hii, siyo yote. Umri ukifika naye apime.

"Nimeshakoma hedhi", au "naona haya." Baada ya kukoma hedhi siki haiaminiki sana, kipimo cha HPV kinafaa zaidi. Na pale kinapopatikana, mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti, nyuma ya pazia, akamkabidhi muuguzi.