Je, wajua kwa nini kompyuta iliyogoma kuwaka hupiga milio?

Mtoto wa jirani alikuja mbio akiruka mawe ya Bugarika, hapa Mwanza, mvua ikiwa bado inadondoka. "Shikamoo mjomba. Baba anasema uje, kompyuta inalia kama lori linalorudi nyuma."

Niliikuta sebuleni. Feni inazunguka, taa ya mbele inawaka, monita nyeusi tii, na kutoka ndani ya kava mlio mmoja mrefu, kimya, mwingine mrefu, kimya. Umeme ulikuwa umekatika na kurudi mara tatu tangu mchana. Jirani yangu, ambaye kwa mashine hiyo huchapa barua na kadi za michango ya harusi, alikuwa ameshampigia fundi simu. Fundi, bila hata kuiona, akasema hiyo ni ya kupiga Windows upya, yaani kuweka upya programu kuu inayoendesha kompyuta.

Nilicheka. Mashine inayolia bila kuleta picha haijafika hata kwenye mlango wa Windows. Iko bado inajikagua.

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, anayeanza kazi ni pawa saplai, lile boksi la chuma ambalo waya wa ukutani huingia. Hupokea umeme wa volti 230 na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3. Kisha hujipima yenyewe: volti zimetulia? Zikiwa hazijapungua wala kuzidi kwa zaidi ya asilimia 5 hivi, ndani ya nusu sekunde hutuma ishara kwenye mazabodi, lile bamba kuu linalounganisha vifaa vyote vya ndani, kwamba mambo yako sawa. Bila ishara hiyo prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, haianzi kazi. Ndiyo maana siku ambayo umeme ni mdogo, taa ya sebuleni ikiwa na rangi ya chai ya rangi, feni hujitikisa kidogo halafu zote kimya. Hapo usihangaike na mashine, subiri umeme.

Ishara ikipita, prosesa husoma maelekezo yaliyohifadhiwa kwenye chipu ndogo juu ya mazabodi, yale yanayoitwa BIOS. Maelekezo hayo huita mahudhurio kama mwalimu wa zamu: RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kazi inayoendelea, ipo? Kadi ya picha ipo? Kibodi? Baada ya hapo ndipo hutafuta diski, na ndani ya diski ndiko Windows inakoishi. Ukaguzi huu ulikuwemo tangu kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka 1981. Sasa, picha haiwezi kuja kwenye monita kabla RAM na kadi ya picha hazijaitika. Kama mmoja wa hao wawili ndiye mgonjwa, mashine itaandika wapi kwamba kuna tatizo? Haina pa kuandika. Kinachobaki ni kispika kidogo, kadogo kama kizibo cha soda, ambacho hakihitaji kadi ya picha ili kilie.

Na milio ina hesabu yake. Kwenye ile IBM ya 1981, mlio mmoja mfupi ulimaanisha salama, mmoja mrefu na miwili mifupi ulimaanisha shida iko upande wa picha. Leo kila mtengenezaji ana hesabu zake, kwa hiyo sikiliza, andika mirefu mingapi na mifupi mingapi, kisha tafuta maana yake kwa jina la mazabodi yako. Laptopu nyingi hazilii, hupepesa taa, kwa mfano ile ya kitufe cha herufi kubwa (Caps Lock). Mazabodi mpya nyingi zinauzwa bila kispika na badala yake zina vitaa vidogo pembeni. Ujumbe ni uleule.

Mlio mrefu unaojirudia, kwenye mazabodi nyingi, ni RAM. Nikamwambia jirani alete bisibisi na raba ya mwanafunzi.

Tulichomoa waya ukutani kwanza. Halafu nikabonyeza kitufe cha kuwasha na kukishikilia kama sekunde 30. Watu huona kama uchawi, lakini kompyuta iliyozimwa bila kuchomolewa bado ina volti 5 zinazotembea ndani yake, na kuna umeme unaobaki kwenye kapasita, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme. Mara nyingine hilo pekee linatosha kuifufua. Nikagusa chuma cha kava ili mwili wangu usibaki na umeme tuli, tukafungua.

Ndani palikuwa na vumbi la miaka na, kwenye feni, mabawa makavu ya vile vidudu vinavyopanda toka ziwani kama moshi. Wanapenda taa, na feni haichagui inachovuta. Ukichanganya hayo na unyevu wa ufukweni, meno ya RAM hupata utando mwembamba usiouona kwa macho, unaotosha kuzuia mguso. Nikaichomoa, nikasugua meno ya dhahabu polepole kwa raba kavu, nikapangusa mabaki, nikaisukuma mahali pake mpaka vibanio vikasema ta. Zikiwa mbili, jaribu moja moja. Usipulize kwa mdomo, utaimwagia mate.

Pawa saplai yenyewe hatukuifungua, na wewe usiifungue. Ndani yake kapasita huweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya.

Kama yako haitoi mlio wala taa, anza na vitu vya aibu: soketi, ekstensheni, na swichi ya nyuma ambayo mtu aliyepiga deki huizima bila kujua. Kwenye pawa saplai za zamani kuna pia kiswichi chekundu cha 115 na 230. Mtumba uliotoka Marekani unaweza kuwa umewekwa 115. Ukiuchomeka hapa hivyohivyo utasikia mlio mmoja tu, wa mwisho. Na kama picha inakuja halafu mashine inadai haioni diski, chomoa flashi iliyosahaulika kabla ya kulaumu kitu kingine. Ikiendelea, kagua waya wa diski. Ni kuanzia hapo tu ndipo mazungumzo ya kupiga Windows yana mantiki.

Ya jirani ilitoa mlio mmoja mfupi, picha ikaja, mtoto akapiga makofi. Lakini kila tovuti aliyoifungua ilikataa, ikisema si salama, naye akaanza kulaumu bando. Nikatazama saa ya kompyuta: ilikuwa mwaka 2010. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe, na kwa mashine iliyorudi nyuma miaka hiyo yote, vyote vilikuwa havijaanza kutumika. Betri ya mazabodi ilikuwa imeisha, ile ya duara kama sarafu inayotunza saa umeme usipokuwepo. Inaitwa CR2032: 20 ni upana wake kwa milimita, 32 ni unene wa milimita 3.2. Kesho yake aliinunua kwa fundi saa mjini.