Je, wajua kwa nini nyatiti (ala ya nyuzi ya Waluo) ya kompyuta yenye nyuzi nane huweza kulia uzi mmoja tu?

Simama soko la Kibuye pale Kisumu siku ya Jumapili, upaze sauti "Otieno!" Watageuka watu kadhaa kwa pamoja, maana Otieno ni jina wanalopewa wavulana waliozaliwa usiku, na usiku huzaliwa wengi. Nyumbani kwenye Otieno mmoja jina hilo latosha. Sokoni lazima uongeze jina la baba.

Programu za kutengeneza sauti kwa kuchora zina shida hiyohiyo, na dawa yake ni ileile. Tutaeleza kwa kutumia Pure Data, ambayo wengi huiita Pd: programu ya bure aliyoiandika Miller Puckette katika miaka ya 1990, baada ya kuanzisha Max, programu ya aina hiyohiyo, kule IRCAM, kituo cha utafiti wa muziki cha Paris, miaka ya 1980. Ndani ya Pd huandiki kurasa za msimbo. Unaweka visanduku kwenye ukurasa, unaviunganisha kwa nyaya, na sauti inapita. Ukurasa huo ni pachi. Ukiihifadhi pachi kwa jina `uzi.pd`, unaweza kuandika neno `uzi` ndani ya kisanduku cha pachi nyingine iliyo kwenye folda hiyohiyo, na faili lote litafunguka humo likiwa kisanduku kimoja. Hicho ndicho kijenzi: unakitengeneza mara moja, unakitumia mara nyingi. (Pachi kubwa nayo ihifadhiwe kwanza, la sivyo Pd haijui itafute kwenye folda gani, na kisanduku kitabaki na mpaka wa vistari vilivyokatikakatika.)

Sasa tutengeneze nyatiti. Ina nyuzi nane. Kuiga uzi mmoja si kazi kubwa, kwa njia waliyoieleza Kevin Karplus na Alex Strong mwaka 1983: unatoa mvumo mfupi sana kwa `noise~`, unauandika kwenye kumbukumbu ya kuchelewesha sauti, unausoma baada ya muda kidogo, unaupunguza makali kwa `lop~ 4000`, unauzidisha kwa 0.99 ili ufifie polepole, kisha unaurudisha kulekule uzunguke tena. Muda wa mzunguko ndio unaoamua sauti iwe nene au nyembamba. Gawanya 1000 kwa Hz unazotaka (idadi ya mitetemo kwa sekunde), utapata milisekunde. Uzi wa 220 Hz unahitaji 4.545. Kumbuka tu kwamba Pd huchakata sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 64 kwa mkupuo, kwa hiyo kwenye kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde mzunguko wa namna hii hauwezi kupita takriban 689 Hz, isipokuwa uweke `block~ 1` ndani ya pachi hiyo.

Ndani ya `uzi.pd`, basi, kuna `delwrite~ uzi 50`, yaani kumbukumbu ya milisekunde 50 iitwayo uzi. Kuna `delread~ uzi` inayoisoma na kuitoa nje. Na kuna `r hz` inayopokea marudio, yaani Hz, kutoka popote penye `s hz` (`r` ni kifupi cha `receive`, pokea; `s` ni `send`, tuma). Weka kijenzi kimoja, kitalia vizuri. Ongeza vingine saba, mambo yaharibike.

Yanaharibika kwa namna mbili, na inafaa kuzitenganisha.

Ya kwanza ni ya `r hz`. Unatuma 220 kwa uzi wa tatu, na nyuzi zote nane zinahamia 220. Pd haisemi lolote, kwa sababu kwake hakuna kosa: wapokeaji wengi wa jina moja wanaruhusiwa, na mara nyingi ndicho mtu anachotaka. Hili ndilo tatizo baya kuliko yote kwa sababu halina onyo. Mtu anaweza kukagua nyaya jioni nzima, na nyaya ziko sawa.

Ya pili ni ya kumbukumbu. Hapa vijenzi vinane vimetengeneza kumbukumbu nane tofauti, zote zikiitwa uzi. Kila `delread~` inapotafuta "uzi" inapewa moja tu, ileile kwa wote. Nyuzi saba zinaandika mahali pasiposomwa na yeyote: unazipiga, kimya. Ukipiga ule mmoja uliobahatika, vinane vyote vinatoa sauti yake. Afadhali safari hii dirisha kuu la Pd linaandika `warning: uzi: multiply defined`, yaani jina hili limetumika zaidi ya mara moja. Ukiona maneno hayo usiyapuuze hata kama sauti inasikika.

Chanzo cha yote mawili ni kimoja. Pd nzima ina orodha moja tu ya majina. Kisanduku kinachoitwa kwa jina hakijali kiko faili gani wala kina gani. Hata pachi mbili zisizohusiana, ukizifungua pamoja kwenye Pd moja, `s hz` ya hii itaifikia `r hz` ya ile. Sheria hiyo inavihusu `send` na `receive`, ndugu zao wa sauti `send~` na `receive~`, `throw~` na `catch~`, kumbukumbu za kuchelewesha, majedwali ya sampuli, `value`, pamoja na vitelezi na vitufe uliovipa jina la kutuma au kupokea.

Jina la baba kwenye Pd ni `$0`. Kila faili la pachi linapofunguliwa hupewa namba yake, kuanzia 1000 na kuendelea, na hakuna mawili yanayopata namba moja kwa wakati mmoja. Popote utakapoandika `$0` ndani ya kisanduku, namba hiyo inachukua nafasi. Badili `delwrite~ uzi 50` iwe `delwrite~ $0-uzi 50`, `delread~ uzi` iwe `delread~ $0-uzi`, na `r hz` iwe `r $0-hz`. Kijenzi cha kwanza kitakuwa na 1004-uzi, cha pili 1005-uzi, na kuendelea. Ukitaka kuiona namba yenyewe, weka kitufe cha bang (kinachotoa amri ya "anza"), kiunganishe na `float $0`, kisha `print`, ubonyeze.

Kistari baada ya `$0` kiweke daima. Ukiandika `$01uzi` ukitumaini kupata namba ya pachi ikifuatwa na 1, Pd itazisoma tarakimu zote pamoja na kudhani unataka `$1`. Nayo `$1$2` bila kistari haiwezi kutofautisha 1 na 12 dhidi ya 11 na 2. Zote zinatoa 112.

Pachi ndogo ya ndani, ile unayoitengeneza kwa `pd` na jina, haina faili lake. Kwa hiyo inatumia `$0` ya pachi iliyoizaa, na majina yao yanaonana bila taabu. Kijenzi chenye faili lake ni mtu mwingine, kina namba yake.

Mahali wanapokwama wengi ni kwenye kisanduku cha ujumbe. Humo alama ya dola ina kazi nyingine: `$1` ni kitu cha kwanza kilichoingia na ujumbe, na `$0` hugeuka kuwa 0 tu. Ukitaka kupakia sampuli na ukaandika ujumbe `read -resize uzi3.wav $0-jedwali` kuelekea `soundfiler`, Pd itatafuta jedwali liitwalo 0-jedwali na kulikosa. Ipitishe namba kwa mlango: bang iingie kwenye `symbol $0-jedwali`, hiyo iingie kwenye ujumbe `read -resize uzi3.wav $1`, ndipo `soundfiler`. Kwa kutuma namba, `float $0` iingie kwenye ujumbe `; $1-hz 220` (nukta-mkato mwanzoni huupeleka ujumbe kwa jina linaloifuata). Kwenye dirisha la sifa za jedwali au kitelezi, lakini, `$0-jedwali` na `$0-hz` hukubaliwa kama zilivyo.

Haya, umefunga milango yote. Sasa utaufikiaje uzi wa tatu kutoka nje? Namba ya `$0` hubadilika kila unapofungua pachi, hivyo usiiandike popote kama jina la kudumu. Kwa mambo ya nje tumia vigezo. Ukiandika `uzi 3` kwenye kisanduku, basi ndani ya faili `$1` ni 3, na `r uzi-$1-hz` inakuwa `r uzi-3-hz`. Kwenye pachi kubwa ujumbe `; uzi-$1-hz $2` ukipokea orodha `3 220` utalenga uzi huo peke yake. Ukisahau kigezo, vijenzi vyote vinarudi kugawana jina moja, na umerudi sokoni.

Tunashauri kabla ya jina lolote ujiulize kama waya haufiki. `inlet` na `outlet~`, yaani milango ya kijenzi ya kuingilia na kutokea, hazihitaji jina, kwa hiyo haziwezi kugongana. Marudio ya uzi yanaweza kuingia kwa `inlet` na shida ya kwanza isitokee kabisa. Kumbukumbu na majedwali ndiyo yasiyo na njia nyingine, maana lazima yaitwe.

Yapo pia majina yanayotakiwa kugawanwa. Sauti za nyuzi nane zinakutana mahali pamoja kabla ya kwenda spika: kila uzi una `throw~ jumla`, na nyatiti ina `catch~ jumla` moja. Ukiweka `$0` kwenye `uzi.pd` hapo, sauti haitafika, kwa kuwa namba ya uzi si namba ya nyatiti. Na ukiliacha jina wazi, siku utakapofungua nyatiti mbili kwa wimbo mmoja kutakuwa na `catch~` mbili za jina moja, na lile onyo litarudi. Suluhisho ni mzazi kumpa mtoto namba yake. Kwenye `nyatiti.pd` andika `uzi 1 $0`, `uzi 2 $0`, hadi ya nane, pamoja na `catch~ $0-jumla`. Ndani ya `uzi.pd` andika `throw~ $2-jumla`, kwani `$2` sasa ni namba ya nyatiti iliyomzaa. Majina ya uzi ya kupokea Hz nayo yawe `r $2-uzi-$1-hz`, ili nyatiti ya pili isifuate ya kwanza. Ujumbe wa kutuma ubadilike vilevile: `; $1-uzi-$2-hz $3`, ukipokea namba ya nyatiti, ya uzi, kisha Hz.

Tangu toleo la 0.47 la mwaka 2016 Pd ina `clone`, inayozalisha nakala zote kwa kisanduku kimoja: `clone -s 1 uzi 8 $0`. Kila nakala ina `$0` yake, `$1` ni namba ya nakala, na `$2` ni kile ulichoongeza mwishoni. Bila `-s 1` hesabu huanza na 0, na mtu aliyezoea kuhesabu nyuzi kuanzia moja atajikuta anapiga uzi wa jirani.

Watumiaji wa Max wana `#0` kwa kazi hiyohiyo, na kwenye vifaa vya Max for Live huweka vistari vitatu `---` mwanzoni mwa jina.

Kuhakiki kijenzi chako hakuhitaji zaidi ya dakika tano. Fungua nakala mbili za kijenzi pamoja na pachi mpya tupu. Kwenye hiyo tupu weka `r hz` na `print`, kisha uendeshe vijenzi. Namba zikijitokeza, jina linavuja. Rudia kwa kila jina lisilo na dola. Dirisha kuu likiandika kosa, menyu ya kutafuta ina amri ya kukupeleka kwenye kosa la mwisho. Faili la Pd ni maandishi matupu pia, kwa hiyo unaweza kulifungua kwa kihariri chochote na kutafuta `delwrite~`. Mstari ulio salama unaonekana hivi: `#X obj 60 220 delwrite~ \$0-uzi 50;`. Usipoiona `\$0`, umempata mkorofi.

Majina ya mafaili yenyewe nayo hugongana. Ukikiita kijenzi chako `delay.pd`, hakitafunguka kamwe, kwani Pd ina kisanduku cha jina hilo tayari na chake hutangulia. Mafaili mawili ya jina moja yakiwa kwenye folda tofauti, lililo kwenye folda ya pachi inayoita ndilo hutangulia, kisha folda nyingine kwa mpangilio wa njia ulizoziweka. Weka vijenzi vyako kwenye folda yenye jina lake, mfano `nyatiti`, uviite kwa njia kamili: `nyatiti/uzi`. Ukihamisha kazi kwenda kompyuta nyingine, beba folda yote.