Ruzuku ya mbolea si pesa ya kupokea mkononi

Huku Muheza na Korogwe, mkoani Tanga, mkulima akishajiandikisha kwa mtendaji wa kijiji huanza kuuliza: "Pesa ya ruzuku inaingia lini?" Wengine husubiri ujumbe wa simu mpaka mvua za masika zinawapita. Inaniuma, maana mahindi hayangoji.

Ruzuku hii, iliyozinduliwa Agosti 2022, haiingizwi kwenye simu wala benki ya mkulima. Ni punguzo la bei. Mbolea ilikuwa imepanda mno, mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ukivuka shilingi 100,000. Msimu huo wa 2022/23 Serikali ikaushusha hadi 70,000. Bei hiyo iliyopunguzwa unaitoa wewe, na tofauti inayobaki hadi bei halisi Serikali inamlipa aliyeileta mbolea, si wewe.

Nadhani mkanganyiko unatokana na TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambayo kweli huzipa kaya maskini fedha. Na wazee wanakumbuka vocha za karatasi za pembejeo za miaka ya nyuma.

Kwa hiyo kuandikishwa ni nusu ya safari. Unapewa namba ya mkulima, unakwenda nayo kwa wakala wa mbolea aliyesajiliwa, anaihakiki kwenye mfumo, unalipa bei iliyopunguzwa, unabeba mfuko wako. Usimwachie mtu namba hiyo, hata akikuahidi elfu kumi. Kiasi unachostahili hukadiriwa kwa ekari ulizoandikisha, na akichukua yeye, mfumo utasoma kwamba umechukua wewe.

Anza kuweka akiba ya pesa ya mbolea mapema, mavuno yakiuzwa.