Je, wajua? Kushika Sabato ndio kunamuokoa mtu ama vipi?

Mama mboga wetu huku Kisauni ni Msabato, na Ijumaa jioni saa yake ni adhana. Si mzaha. Muadhini akianza tu ya Magharibi yeye ashashika turubai anafunika nyanya na mchicha, hata uje mbio na mia yako mkononi atakwambia "Sabato ishaingia baba, njoo kesho jioni". Manake Sabato inaanza jua likizama Ijumaa mpaka lizame Jumamosi, na kwetu pwani hilo si geni, wazee wakisema usiku wa Jumamosi wanamaanisha ule wa Ijumaa kuamkia Jumamosi.

Kinachochekesha ni majina. Biblia inasema Sabato ni siku ya saba, sisi twaiita Jumamosi, yaani ya kwanza, kwa vile hesabu yetu inaanza Ijumaa ikiisha. Waarabu nao wanaiita Sabt, neno lilelile, ila moja yao wanaianzia Jumapili, ndio maana tuna Jumatano ya tano halafu Alhamisi ambayo kwa Kiarabu ni ya tano pia, tano mbili zimefuatana na hakuna anayeuliza!

Sasa swali lenyewe. Wengi hudhani Wasabato wanaamini ukifungua duka Jumamosi mbingu umeikosa. Lakini kanisa lao la Waadventista, lililoundwa Marekani 1863 na kufika Kenya 1906 kupitia Gendia kule ziwani, linafundisha kwamba mtu anaokolewa kwa neema kupitia imani, na kushika siku ni matunda ya huo wokovu. Nilimuuliza mama mboga kama mimi ninayenunua sukuma Jumamosi nimeisha, akacheka, akasema "kwani nani alikwambia mimi namlipa Mungu?"

Na ukisoma kitabu cha Kutoka mpangilio ni huohuo, wokovu kwanza, siku baadaye. Damu ya mwanakondoo kwenye milango ni sura ya 12, bahari kupasuka sura ya 14, mana, kile chakula cha jangwani ambacho siku ya saba hakikuokotwa, sura ya 16, Amri Kumi sura ya 20. Yaani watu walishatolewa Misri kitambo ndio wakaambiwa wapumzike. Kumbukumbu la Torati 5:15 inatoa sababu kabisa, kumbuka ulikuwa mtumwa, na mtumwa hana ofu, anayepumzika ni aliyeachiliwa.

Kwangu mimi hapo penye utamu ni Luka 13. Mwanamke amepinda mgongo miaka 18, Yesu anamponya ndani ya sinagogi siku ya Sabato, mkuu wa sinagogi anakasirika, ati siku za kazi ziko sita njooni hizo. Yesu anamuuliza, ng'ombe na punda zenu si mnawafungua Sabato mkawanyweshe maji, huyu aliyefungwa miaka 18 asifunguliwe? Sabato hapo ndio siku ya kufungua watu kamba.

Wale wa Jumapili nao wana hoja zao, Yesu alifufuka siku ya kwanza ya juma, na Paulo kwa Wakolosai 2:16 anasema mtu asiwahukumu kwa ajili ya sabato. Ile stori ya kwamba Konstantino, kaisari wa Roma, ndiye aliyeleta Jumapili mwaka 321 haijakaa sawa, yeye alitoa amri ya mapumziko tu, Justin Martyr, mwandishi Mkristo wa zamani, alishaandika karibu mwaka 150 kwamba Wakristo wanakutana siku hiyo. Wengine wanashika Waebrania 4:9, "imesalia raha ya sabato kwa watu wa Mungu", wanasema raha yenyewe ni kuacha kutegemea matendo yako. Waorthodoksi wa Ethiopia wao hawakutaka maneno mengi, wanaziheshimu zote mbili.

Jumamosi Magharibi ikaadhiniwa tena, turubai likafunuliwa. Mchicha wa jana ulikuwa ushalegea, nikauziwa mafungu matatu kwa bei ya mawili.