Elimu kwa umma: Jimbo la Clare lilifutwa, kaunti ya Clare bado ipo

Siku hizi maswali kuhusu jimbo la zamani la Clare, magharibi mwa Ireland, yanafika mezani kwetu kwa wingi, na mengine yanakuja na lawama kwamba sisi watunza nyaraka tumeficha orodha za wapiga kura wa 1828. Hatujaficha kitu. Hifadhi ya Nyaraka za Umma ya Dublin iliteketea Juni 1922 katika mapigano ya Four Courts, jengo la mahakama mjini humo, na karatasi iliyokwisha kuwa majivu hairudi kwa kuandikiwa barua ya tatu.

Kuanzia 1801 hadi 1885, Clare ilikuwa jimbo moja lenye wabunge wawili huko Westminster, yaani Bunge la Uingereza mjini London. Mji wa Ennis, ulio ndani ya kaunti hiyo, ulikuwa na mbunge wake tofauti, kwa hiyo tafadhali msiuchanganye na jimbo la Clare.

Mwaka wenyewe unaoulizwa ni 1828. William Vesey-FitzGerald, mbunge wa Clare, aliteuliwa kuongoza Bodi ya Biashara, idara ya serikali. Sheria ya wakati huo ilisema mbunge akipokea cheo cha serikali chenye malipo, kiti chake kinakuwa wazi; akikitaka tena, awarudie wapiga kura. Hati ya kuitisha uchaguzi mdogo ilipelekwa kwa sherifu wa kaunti, sherifu akatangaza siku, wagombea wakapendekezwa hadharani, kisha kila mpiga kura akataja mtu wake kwa sauti, wakala wa mwenye ardhi akisikia. Kura ya siri ilikuja 1872. Hata hivyo wapangaji wakawaasi wenye ardhi: Daniel O'Connell, wakili Mkatoliki, alipata kura 2,057 na Vesey-FitzGerald 982.

Tunaambiwa mara kwa mara kwamba O'Connell aligombea kinyume cha sheria. Jamani, hapana! Hakuna sheria iliyomkataza Mkatoliki kugombea wala kushinda. Kizuizi kilikuwa mlangoni mwa Bunge: kabla ya kukaa, mbunge aliapa kwamba hakuna kiongozi wa kigeni, Papa akiwemo, mwenye mamlaka ya kidini nchini, na kutamka kuwa misa ni ushirikina na ibada ya sanamu. Sheria ya Aprili 1829 iliwaondolea Wakatoliki kiapo hicho, lakini kwa waliochaguliwa baada ya kupitishwa kwake tu. O'Connell alipofika Mei 1829 akawekewa kiapo cha zamani, akakataa, kiti kikatangazwa wazi. Julai akarudishwa bila kupingwa.

Kosa la pili linatuchosha zaidi. Watu wanaandika kwamba 1829 maskini wa Clare walipewa kura. Walinyang'anywa. Waliompigia O'Connell wengi walikuwa wenye mkataba wa maisha wa ardhi ambayo thamani yake ilizidi kodi kwa shilingi 40 (pauni 2) kwa mwaka. Sambamba na sheria ya Wakatoliki ilipitishwa nyingine iliyopandisha kiwango hicho hadi pauni 10, na kila mwenye sifa akatakiwa kujiandikisha upya. Wapiga kura wa kaunti zote za Ireland wakashuka kutoka takriban 216,000 hadi 37,000. Kwa hiyo usipoliona jina la babu wa babu yako baada ya hapo, usidhani alihama. Huenda yuko shambani kwake, ila kura hana.

Kuhusu rushwa: adhabu ya kwanza ilikuwa kupoteza kiti. Hadi 1868 malalamiko yalisikilizwa na kamati ya wabunge wenyewe, baadaye na majaji. O'Gorman Mahon, aliyempendekeza O'Connell 1828, alichaguliwa Clare 1830 akaenguliwa kwa sababu hiyo. Alirudi kuwa mbunge wa Clare 1879, karibu nusu karne baadaye. Wapiga kura nao wana subira zao.

Mwaka 1885 jimbo likagawanywa: Clare Mashariki na Clare Magharibi, mbunge mmoja kila upande. Anayetafuta ushindi wa Éamon de Valera, mpigania uhuru wa Ireland, wa Julai 1917 asiombe faili la Clare. Aombe la Clare Mashariki. Kiti kilikuwa wazi baada ya mbunge wake, Willie Redmond, kuuawa Messines, Ubelgiji, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. De Valera alipata kura 5,010, mpinzani wake Patrick Lynch 2,035. Faili la kiapo chake Westminster msiliombe kabisa: alishinda kwa ahadi ya kutokwenda kukaa huko, na hakwenda.