3D si kurushiwa vitu usoni

Kuna maneno nimeyasikia mara nyingi mno, leo nayajibu: "Hiyo 3D yao feki, muvi nzima hakuna kitu kilichotoka." Safari hii yalisemwa kuhusu Journey to the Center of the Earth, ile ya 2008 ya Brendan Fraser. Aliyeyasema aliitazama kwenye televisheni, kwa miwani ya karatasi iliyokuja na DVD. Mimi ni mtu wa kompoziti. Kazi yangu ni kuunganisha waigizaji, mandhari ya kompyuta, moshi na vumbi mpaka jicho la kushoto na la kulia yakubaliane. Kwa hiyo hili linanigusa, na linaniudhi.

Kila fremu ya 3D ni picha mbili. Kitu kilekile kinakaa mahali tofauti kidogo kwenye kila picha, na tofauti hiyo naiita pengo. Pengo likiwa sifuri, kitu kinakaa juu ya skrini yenyewe. Picha ya jicho la kulia ikisogea kulia, kitu kinarudi nyuma ya skrini. Picha zikipishana, ya kulia ikaenda kushoto, kitu kinatoka mbele. Basi. Miwani haitengenezi kina chochote. Inazuia tu kila jicho lisione picha ya mwenzake.

Sasa hapa ndipo watu wanaponichosha. Pengo kwenye faili hupimwa kwa pikseli, yaani nukta zinazounda picha, lakini ukumbini ni sentimita, na macho hayajui pikseli. Macho ya mtu mzima yameachana kama sentimita 6.5. Kitu cha mbali kabisa, mlima au upeo wa bahari, kinatakiwa kiwe na pengo hilohilo kwenye skrini. Ukilizidisha unayalazimisha macho yaachane, moja litazame huku na jingine kule, na sisi si vinyonga. Chukua skrini ya mita 10 na picha yenye upana wa pikseli 2048: sentimita 6.5 ni pikseli 13. Pikseli 13 tu! Hiyo ndiyo bajeti yote ya kurudisha nyuma mapango, bahari ya chini ya ardhi na anga lake.

Peleka pikseli hizo 13 kwenye televisheni yenye upana wa mita moja. Pengo linakuwa milimita 6 na kidogo. Ukikaa mita 3 kutoka kwenye televisheni, hesabu inakupa kina cha kama sentimita 33 nyuma ya kioo. Shimo la kwenda kitovu cha dunia limebaki na urefu wa rula ya shule. Hakuna aliyekudanganya; filamu ilipimwa kwa skrini kubwa, nawe umeitazama kwenye ndogo. Ongeza miwani yenyewe: DVD ile ilitoka na miwani ya kijani na zambarau-nyekundu, inayotenganisha picha kwa rangi. Uso wa mwigizaji unakuwa na rangi moja jicho hili na nyingine jicho lile, ubongo unazivuta huku na huku, na kina kidogo kilichobaki kinaliwa na mvutano huo. Spy Kids 3-D ya 2003 ilitumia mfumo wa rangi hata kwenye kumbi za sinema. Miaka mitano baadaye sinema za kidijitali zilikuwa na miwani ya polaraizi, inayotenganisha picha kwa mwelekeo wa mwanga, na aina nyingine zinazoiacha rangi salama, ila kumbi nyingi bado hazikuwa na projekta za 3D, zikaionyesha filamu ikiwa bapa, yaani 2D isiyo na kina. Huku kwetu wengi tuliikuta bapa vilevile, kwenye vibanda vya video.

Ukiiona bapa, kuna shoti utaziona za ajabu. Fraser anasukuma tepu ya kupimia moja kwa moja kwenye kamera. Anasukutua mdomo na kutema maji, na kamera iko chini, ndani ya sinki. Shoti hizo zipo kwa ajili ya pengo la mbele tu. Kamera za filamu hii ni za mfumo wa Fusion wa James Cameron na Vince Pace, na mwongozaji Eric Brevig alitoka kwenye efekti za picha; hii ndiyo filamu ndefu ya kwanza aliyoiongoza. Mtu wa namna hiyo anajua vizuri anachokifanya. Tabia yenyewe ni ya zamani: mwaka 1953 filamu ya 3D ya House of Wax ilikuwa na mtu anayepiga kwa kibao mpira uliofungwa uzi, kuelekea kwa watazamaji, na mwongozaji wake, André de Toth, alikuwa na jicho moja tu linaloona. Hakuweza kuiona 3D yake mwenyewe, na bado filamu ilipendwa sana.

Lakini tazama pale Sean, yule kijana, anapovuka juu ya mawe yanayoelea kwa nguvu ya sumaku. Hakuna kinachokujia usoni. Kuna jiwe chini ya mguu wake, jiwe jingine chini zaidi, halafu giza, na kila moja limepewa pengo lake. Tumbo linashtuka kwa sababu nafasi kati ya jiwe na jiwe inapimika kwa macho. Hiyo ndiyo 3D. Kwenye 2D ungeweza kuchora pango lote kwenye picha moja na kuibandika nyuma ya mwigizaji, na asigundue mtu. Kwenye macho mawili uongo huo unakamatwa papo hapo. Vumbi lililopigwa na kamera moja linakaa bapa mbele ya ukuta wenye kina. Waya uliomshikilia mwigizaji hewani ukiufuta kwenye jicho moja kwa pikseli mbili tofauti na lile jingine, mahali hapo panametameta na mtazamaji anakereka bila kujua kwa nini. Kila kitu kinarendwa, yaani kompyuta inakitolea picha, mara mbili na kusafishwa mara mbili.

Na yule dinosau anayemfukuza Fraser? Kishawishi cha kila studio ni kutanua umbali kati ya kamera mbili za kompyuta ili mnyama apate umbo nene. Ukitanua hivyo, unatazama kama jitu ambalo macho yake yameachana sana, na ubongo unaiona dunia kuwa ndogo. Mnyama wa kutisha anageuka saizi ya kukaa mezani. Anayetaka ukubwa inabidi akubali pengo dogo. Mteja akisema "ongeza 3D", mara nyingi anaomba jitu lipungue, na kumweleza hivyo huchukua muda kuliko kazi yenyewe.

Sasa wazazi. Watoto hukalishwa safu ya mbele "waone 3D vizuri". Ni kinyume. Kitu chenye pengo la sentimita 6.5 kwa mbele huonekana katikati ya safari kati yako na skrini. Aliye mita 20 nyuma anaona tepu imetoka mita 10. Aliye mita 5 anaiona imetoka mita 2.5. Wa mbele anapata kitokeo kidogo na uchovu mkubwa, kwa sababu macho yake yanalenga mita 2.5 huku lenzi zake zikiwa zimefokasi mita 5. Maumivu ya kichwa mengi yanaanzia kwenye mvutano huo.

Halafu macho ya mtoto mdogo yameachana kama sentimita 5, si 6.5. Kwa filamu ya familia mimi nashusha bajeti ya nyuma kutoka pikseli 13 hadi 10. Niseme wazi kwamba wenzangu hawakubaliani nami wote. Akikaa mita 10 kutoka kwenye skrini, zile sentimita 1.5 za ziada zinayaachanisha macho ya mtoto kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya digrii, na macho mengi huvumilia zaidi ya hapo. Vitabu vinaandika vikomo kama sheria. Kwenye chumba cha kazi tunabishana, na mtu mmoja anatoka na kichwa kikigonga huku jirani yake akiomba nyongeza. Hata kuhusu tepu sina uamuzi wa mwisho. Binafsi ningeikata, lakini watoto ukumbini hupiga kelele za furaha pale pale, na filamu ilitengenezwa kwa ajili yao.

Kwa hiyo ukikata tiketi, chukua katikati ya safu, kuanzia nusu ya ukumbi kwenda nyuma. Usilaze kichwa begani kwa jirani, maana mapengo yote yako kwa mlalo na kichwa kikiinama hayalingani tena na macho. Hakikisha miwani imekaa vizuri kwenye pua ya mtoto, kwa kuwa mingi ni ya saizi ya watu wazima. Akiivua katikati ya filamu, mwache apumzike, na akiivua tena na tena mpeleke kwa daktari wa macho, kwani wapo watu ambao macho yao hayashirikiani kuona kina na hawajawahi kujua.